Kuwa Macho Usingizini

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, usiku wa mkesha wa maadhimisho



Kamati ilipotuomba tuzungumze usiku huu, tulidhani tutatakiwa kusimulia habari za ujenzi wa hekalu hili: nani alileta saruji, nani alitoa kengele, nani aliahidi na hakutoa. Wapo wanaozijua habari hizo kutushinda, na baadhi ya walioahidi wangali hai na wameketi safu ya mbele. Kwa hiyo tumeomba ruhusa tuzungumze juu ya usingizi. Tumesikiliza hotuba nyingi katika ukumbi huu, na tunajua kwamba saa kama hii somo hilo halitakosa mifano.

Wengi wenu mnafahamu kwamba miaka sita iliyopita tulifiwa na mwenzetu, mama wa watoto wetu. Mlikuja kutuhani, mkakaa nasi siku zile zote, hatujasahau. Lakini jambo moja hatukumwambia mtu. Tangu mwezi wa kwanza tulianza kumwona usingizini. Alikuwa jikoni akikanda unga, au ameketi kwenye bembea ya barazani akichambua dengu, na maneno yake yalikuwa ya kawaida kabisa: gesi imekwisha, binti amepiga simu, dawa ya presha mmekunywa? Nasi tulimjibu. Hatukushangaa hata kidogo. Hatukujiuliza, huyu si ndiye ambaye sisi wenyewe tuliuwasha moto wake, tukayapeleka majivu yake baharini? Kisha adhana ya alfajiri ilisikika, tukaamka, tukanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda. Kila asubuhi ya namna hiyo tulifiwa upya.

Huzuni tuliitarajia. Kilichotuuma zaidi ni kule kudanganyika. Tumeuza vifaa vya ujenzi kwa takriban miaka arobaini. Nondo iliyopunjwa unene tunaitambua kwa kuishika. Mfuko wa saruji uliopungua kilo mbili tunaujua tukiunyanyua tu, au tuliujua zamani kabla mgongo haujakataa. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuuziwa kila usiku bidhaa ambayo haipo, na asiitilie shaka hata mara moja?

Mjukuu wetu anayesoma ng'ambo ndiye aliyetufungulia mlango. Tulimdokezea jambo hili kwenye simu, kwa kuzungukazunguka kama wazee wafanyavyo, naye akatujibu kwamba wapo watu ambao huota na papo hapo wakajua kwamba wanaota. Hawaamki, wanaendelea kulala, ndoto inaendelea, lakini wanaijua kuwa ni ndoto. Sisi tutaiita ndoto ya kujitambua. Tulidhani ni hadithi za vijana. Tukaanza kusoma, na kwa mtu aliyeishia shule ya sekondari tumesoma polepole, lakini tumesoma.

Jambo lenyewe si geni hata huko Magharibi. Mwaka 1867 Mfaransa aitwaye Hervey de Saint-Denys alichapisha kitabu kizima juu ya ndoto na namna ya kuziongoza. Mwaka 1913 daktari wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, alieleza ndoto zake za aina hii na kuzipa jina ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo. Hata hivyo wengi hawakusadiki. Walisema mtu huyo huwa ameamka kidogo bila kujua, kisha analala tena na kudai kwamba alikuwa ndotoni. Na kusema kweli, ungemthibitishiaje mwenzako? Aliyelala hawezi kuinua mkono akasema, mimi hapa, naota.

Hapa ndipo akili ya binadamu ilipotupendeza. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho ya mlalaji huchezacheza haraka chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo, aghalabu husema alikuwa akiota. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na huwa kirefu zaidi kuelekea alfajiri. Katika muda huo misuli ya mwili hulegea kabisa kama iliyofungwa, na hiyo ni rehema, kwani vinginevyo kila anayeota anafukuzwa na mbwa angevunja mlango wa chumba. Lakini macho hayafungwi. Yako huru. Basi mwezi wa Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Bwana Alan Worsley kwamba akishatambua anaota, asogeze macho kushoto na kulia kwa hesabu waliyopatana. Waya zilikuwa kichwani, mashine inaandika, mtu yuko katika usingizi wa ndoto, na ishara ikaja. Huko Marekani, Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya kama hayo kwa njia yake mwenyewe, akapata shahada ya udaktari mwaka 1980. Na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walieleza pamoja jinsi walivyowauliza waotaji hesabu ndogo wakiwa usingizini. Mmoja aliulizwa nane toa sita, akajibu kwa macho: mara mbili.

Tulipolisoma hilo tulicheka peke yetu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulisema. Mtu ambaye hajalala twasema yu macho. Mtu mwangalifu asiyedanganyika sokoni, naye twamwambia, uwe macho. Hatusemi awe masikio wala awe mikono.

Basi tukataka nasi tuwe macho usingizini. Nia yetu ilikuwa moja, na hatukuificha kwa mjukuu wetu: tulitaka kumwona mwenzetu tukijua kwamba ni ndoto, ili asubuhi tusifiwe tena.

Njia inayofundishwa kwa wingi ni hii ya kupima uhalisia. Wakati wa mchana, mara kadhaa, unasimama na kujiuliza: je, hivi sasa naota? Kisha unafanya jaribio. Unasoma maandishi, unatazama pembeni, unayasoma tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Unatazama saa mara mbili. Unahesabu vidole vyako. Unajibana pua na kujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi huweza kupita ingawa pua imebanwa. Unawasha na kuzima taa, maana taa za ndotoni ni kaidi. Dhana yake ni kwamba lile unalolizoea mchana litakufuata usiku. Ukizoea kuuliza ukiwa macho, siku moja utauliza ukiwa umelala, na hapo jibu litakuwa tofauti.

Kwa mfanyabiashara hili lilituingia akilini upesi. Tukaiweka simu itulilie mara kumi kwa siku. Ikilia, tunachukua ankara iliyo karibu, tunasoma idadi, tunatazama ukutani, tunasoma tena, tunajiuliza swali, tunajibu, tunaendelea na kazi. Siku nyingine tulijibana pua. Kijana mmoja wa dukani alituonea huruma akatununulia dawa ya mafua.

Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Mwezi wa pili, hakuna kitu. Mwezi wa tatu tuliota tuko dukani na mwenzetu ameketi kaunta. Simu ikalia. Tukachukua ankara, tukasoma: mabati 40. Tukatazama ukutani, tukasoma tena: mabati 4,000, na maandishi yamegeuka kuwa ya Kigujarati, kwa hati ya marehemu baba yetu. Tukasema, karani huyu mpya hajui kazi. Tukajiuliza, je, tunaota? Tukajibu kwa sauti kubwa: la, tuko dukani. Mwenzetu akacheka. Kisha adhana, na mkono upande wa pili wa kitanda.

Msicheke peke yenu, nasi tunacheka sasa. Siku ile hatukucheka.

Tuliendelea kusoma ili tujue kosa liko wapi, na tukakuta kwamba hatuko peke yetu. Mtafiti Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alichapisha matokeo yake mwaka 2017. Waliofanya vipimo vya mchana peke yake kwa wiki moja hawakupata ongezeko la kutajika. Wale waliochanganya vipimo hivyo na kuamka baada ya kulala saa tano, kisha wakarudi kulala huku wakijiwekea nia kwamba wakiota watakumbuka kuwa wanaota, walifanikiwa takriban asilimia 17 ya usiku waliojaribu. Wiki moja ni muda mfupi, na huenda mwenye kuvumilia miezi hupata zaidi. Lakini neno lililotushika ni lile la nia. Sisi tulikuwa na kengele ya simu. Nia hatukuwa nayo. Kuhusu kuamka usiku kwa makusudi, daktari wetu alitukataza kwa sababu ya presha, na yeyote mwenye maradhi, au ambaye akili yake hutatizika kutenganisha yaliyotokea na yasiyotokea, asijaribu mambo haya bila kumwuliza daktari wake.

Hapo tulikumbuka kisa cha noti. Zamani tuliletewa dukani noti bandia ya shilingi 10,000. Mtunza fedha wetu wakati ule alikuwa na amri moja: kila noti kubwa iinuliwe kwenye mwanga. Alitii. Tulimwona kwa macho yetu akiinua noti moja baada ya nyingine kutwa nzima. Jioni, wakati wa kulinganisha fedha na daftari la siku, ile tunayoiita rojmel, noti bandia ikaonekana, bandia hata kwa kipofu. Tukamwuliza, uliiinua hii? Akasema, Mzee, niliiinua. Tukamwuliza, uliona nini? Akanyamaza. Ilikuwa siku ya mechi kubwa na redio ilikuwa wazi. Mkono uliinua noti; mwenyewe alikuwa uwanjani.

Tulimkata mshahara. Miaka mingi baadaye, tukiikumbuka ankara ile ya mabati 4,000, tulielewa kwamba tulistahili kukatwa na sisi.

Kwa maana kipimo hakimwamshi mtu. Kipimo ni mkono unaoinua noti. Anayeamsha ni yule anayetazama, naye akiwa hayupo, waweza kujibana pua hadi iwe nyekundu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Paul Tholey, aliyefundisha mazoezi haya, alisisitiza kwamba swali liulizwe kwa shaka ya kweli, na mtu arudi nyuma katika kumbukumbu yake aone kama mambo ya karibuni yanaunganika. Tulikuwa tumeupita mstari huo bila kuuzingatia. Tukazima kengele ya simu. Tukabakiza mara tatu tu kwa siku: tunapofungua duka, baada ya chakula cha mchana, na tunapopanda ngazi za hekalu hili kwa arti ya jioni. Na swali tukalibadilisha. Tumefikaje hapa? Dakika kumi zilizopita tulikuwa wapi? Nani yuko mbele yetu, na ana hali gani?

Ndugu zangu, hatukuweza kujibu. Tulikuwa tumeendesha gari kutoka nyumbani hadi dukani, tumepita makutano mawili na kivuko cha watoto wa shule, na hatukumbuki hata kimoja. Siku ya nne au ya tano tulimtazama mpagazi wetu mkuu, mtu aliyebeba mizigo yetu kwa miaka 19, tukaona hana kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Tukashtuka, tukamwuliza ni lini ameumia na mbona hakusema. Akatutazama kwa adabu kubwa, akasema, Bwana, niliumia kabla hujaniajiri.

Sasa tuseme lile ambalo limetuleta mbele yenu, maana tusiposema hilo hotuba hii itakuwa mzaha wa mzee na pua yake. Mnazijua ngazi zetu, kumi na moja. Mwaka wake wa mwisho, mwenzetu alikuwa akisimama kwenye ngazi ya saba. Alishika chuma cha pembeni, akasema, tangulieni, nakuja. Nasi tulitangulia. Mara nyingi simu ilikuwa sikioni, tunauliza bei ya nondo Dar es Salaam. Ilikuwa hivyo kwa miezi. Baadaye daktari alipotueleza habari ya moyo alituuliza, hali hii ilianza lini? Hatukujua. Aliyejibu ni binti yetu, anayeishi mbali na kutujia mara mbili kwa mwaka. Alisema, Daktari, ilianza Diwali.

Kina mama wa rika lake, kwa desturi yetu, hawamtaji mume kwa jina. Humwita, sambhlo chho? Kwa Kiswahili ni kama kusema, mnasikia? Alituita hivyo kwa miaka 37. Sisi tuliitikia, ndiyo, ndiyo. Mkono uliinua noti.

Mtauliza haya yanahusiana nini na hekalu. Yanahusiana sana, wala hatuyasemi kwa kuwa tumesimama hapa. Wazee wetu wa kale hawakuwa na waya wala mashine, lakini juu ya usingizi walifikiri kwa kina. Mandukya, iliyo fupi kuliko Upanishad kuu nyingine, ina mishororo 12 tu, na karibu yote yahusu jambo hili. Majirani zetu waliosikia sauti ya Om ikitoka humu ndani huenda wangependa kujua maana tunayoipa: sauti ya kwanza ni hali ya kuwa macho, ya pili ni hali ya ndoto, ya tatu ni usingizi mzito usio na ndoto, na ukimya unaofuata baada ya sauti ni hali ya nne, turiya, ya yule anayezijua zote tatu. Na ndotoni hata ninyi mna hazina yenu. Nabii Yusufu anasomwa msikitini na kanisani, na ndoto za mfalme wa Misri ndizo zilizomtoa gerezani.

Kisa tulichokulia nacho, ambacho bibi zetu walitusimulia, ni cha Mfalme Janaka, baba yake Sita. Alilala kitandani mwake akaota ameshindwa vitani, amefukuzwa, anatangatanga na njaa. Siku kadhaa akaomba, hatimaye akapewa chakula kidogo. Kabla hajakitia mdomoni kikamwagika mavumbini. Akapiga yowe, akaamka, amezungukwa na watumishi na mito ya hariri. Tangu hapo kila aliyemjia alimwuliza neno moja tu: hili ni kweli, au lile ndilo kweli? Waziri akadhani mfalme amerukwa na akili. Ndipo alipokuja Ashtavakra, kijana mwenye mwili uliopinda mahali panane, akamwuliza: ulipokuwa na njaa kule, jumba hili lilikuwepo? Halikuwepo. Na sasa uko hapa, ile njaa ipo? Haipo. Basi hakuna lililo la kudumu kati ya hayo mawili. Ila wewe uliyeona lile na unayeona hili, ulikuwepo kote.

Tumekisikia kisa hiki tangu utotoni, na daima tulidhani kinahusu mfalme. Angalieni swali lake lakini. Ni lile lile la kupima uhalisia, neno kwa neno, ila Janaka hakuliuliza kwa kengele ya simu. Aliliuliza kwa sababu lilimchoma. Na jibu alilopewa halikumpeleka kwenye vidole wala ankara. Lilimrudisha kwa mwenye kutazama.

Hapa sayansi nayo imetoa ushahidi wa pande mbili, na ni vema tuuseme wote. Mwaka 2019 Benjamin Baird na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliofanya dhyana, yaani taamuli, kwa miaka mingi hupata ndoto za kujitambua mara nyingi zaidi kuliko wasiofanya. Lakini waliofundishwa kwa wiki nane tu hawakupata ongezeko lolote. Mjukuu wetu alivunjika moyo alipousoma. Sisi tulifarijika. Wiki nane hazitoshi hata kumfundisha mtu kukata mabati bila kujikata mkono. Na labda vijana watuwie radhi, lakini tunaona wengi wao wanataka ndoto hizi ili waruke angani na kutembelea miji. Ndoto za Alinacha zenye waya. Si vibaya. Ila wanaruka angani usiku, na mchana hawamwoni anayewapa chai.

Turudi kwetu. Tuliendelea na maswali yetu matatu kwa muda wa karibu mwaka. Hatukuwa tukisubiri kitu tena, na pengine hilo lilisaidia. Mambo fulani yalibadilika mchana: tulijua majina ya watoto wa mpagazi, tuliona ufa kwenye ukuta wa ghala kabla mvua haijauona, na tulianza kuzipanda ngazi za hapa polepole. Ya saba tulisimama kila jioni, tukashika chuma kile, tukajiuliza, tumefikaje hapa?

Usiku mmoja, tarehe hatukuiandika, tulikuwa tunapanda ngazi hizi. Kengele ya arti ilikuwa ikilia juu. Mwenzetu alikuwa mbele yetu amevaa sari ya kijani, ile ya harusi ya binti. Tulipofika ya saba tukasimama. Yeye hakusimama. Alipita ya saba, ya nane, ya tisa, mwepesi kama msichana. Tukamtazama, na kitu kikasema ndani yetu, kwa utulivu kabisa: lakini huyu husimama hapa.

Hatukujibana pua. Hatukutafuta ankara. Tulijua. Tulijua kwamba amekwisha kufa, kwamba tumelala nyumbani kwenye kitanda chetu, kwamba hizi ni ngazi na si ngazi. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, hata kutu ya chuma ilionekana punje kwa punje. Tulikuwa tumesoma kwamba furaha ikizidi mtu huamka, na kwamba kusugua viganja husaidia ndoto isikatike, basi tukasugua, na tulihisi joto lake. Akageuka pale ngazi ya kumi. Akasema, sambhlo chho?

Tukasema, tunasikia.

Akashuka ngazi mbili, nasi tukapanda moja, tukaketi kwenye ya nane. Tulikuwa tumeandaa mengi ya kumwambia. Tulikuwa tumeyaandika hata, katika daftari, kuhusu miezi ile na simu sikioni. Hatukusema. Tuliketi tukamtazama, naye alikuwa anatazama barabara, kama alivyokuwa akifanya akipumzika. Kwa kadiri yetu haikuzidi dakika mbili. LaBerge aliwahi kupima na kuona kwamba muda wa ndoto za namna hii hauachani sana na muda wa saa, kwa hiyo tunaamini zilikuwa dakika mbili za kweli. Kisha kukawa na giza, tukaamka. Adhana ilikuwa haijalia. Mkono haukunyooka upande wa pili.

Imetokea mara tatu kwa jumla katika miaka minne. Usiku mwingine wote tunadanganyika kama zamani: gesi imekwisha, binti amepiga simu. Wala hatulalamiki sana, maana tumegundua kwamba hata kudanganyika huko tunako hamu nako. Maharaj wetu alituuliza juzi kama tunaamini aliyekuwa ngazini ni yeye mwenyewe au ni akili yetu. Tulimjibu kwamba hata hilo halitusumbui kama tulivyodhani. Kinachotusumbua ni kwamba aliyesimama kwenye ngazi ya saba mwaka ule alikuwa yeye mwenyewe bila shaka yoyote, mchana kweupe, na hatukumwona.

Mwenyekiti ametazama saa mara mbili. Tunadhani anahimiza chakula, ingawa yamkini anapima kama yuko ndotoni. Mtakaposhuka kwenda kula, mkitukuta tumesimama pale kwenye chuma, msidhani ni magoti. Ni desturi yetu ya kila jioni. Tunawaomba majirani zetu wawe wa kwanza kupakuliwa.